Mezani kwa Shangazi: Kila Chungu Kina Saa Yake

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: tukale wapi hapa Dar es Salaam? Nimezisoma zote. Nilizozijibu hapa ni zile ninazoweza kuzijibu kwa ulimi wangu mwenyewe, maana mahali nisipokula sipasemei. Na kila nilipokula, nililipa.

Shikamoo Shangazi. Wakwe zangu walikuja kutoka Moshi, nikawapeleka kula katika mgahawa mmoja wa mjini ambao ofisini kwetu kila mtu anausifu. Tulifika saa tisa alasiri. Wali ulikuwa umekauka, samaki wa baridi, mboga nyeusi. Mama mkwe hakusema neno, alikunywa soda yake tu. Aibu ile ninayo mpaka leo. Nitajuaje kama mgahawa ni mzuri kabla sijakaa?
*Mama wa Watatu, Kimara*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umenieleza vizuri mpaka rangi ya mboga, na kwa rangi hiyo naona kilichotokea. Wenzako wa ofisini hawakukudanganya. Wao wanakula pale saa saba kasoro. Ninyi mlikwenda saa tisa.

Mama yangu alikuwa mama ntilie Gerezani, akiwalisha mafundi magari na wabeba mizigo. Aliamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja alfajiri maharage yalikuwa yanachemka, na sisi watoto tuko kwenye mbuzi tunakuna nazi kabla ya kwenda shule. Wali aliubandika saa nne na nusu, sufuria ya kuingia kilo kumi za mchele, akaupalia makaa juu ya mfuniko. Saa sita na robo alifunua. Harufu ile ya wali wa nazi uliopaliwa, na ukoko unaoanza kushika chini, ndiyo iliyowatoa watu chini ya magari. Saa nane sufuria ilikuwa tupu. Wateja walimsihi apike ya pili, hakukubali hata siku moja, kwa sababu alijua kwamba wali wa saa tisa hauna mlaji mwenye njaa ya kuungoja, utalala.

Sasa tazama kilichowapata ninyi. Mchuzi wa nazi hupikwa kwa tui jepesi kwanza, halafu tui la kasimile linatiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, huku unakoroga upande mmoja. Likichemshwa kwa nguvu linakatika: mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini. Mchuzi uliokaa tangu saa sita ukarudishwa motoni saa tisa, tui lake haliwezi kupona. Matembele nayo, ukiyapasha mara ya pili, yanageuka meusi. Weusi ule uliouona ni wa saa, haukutoka kwenye mkono wa mpishi.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mpishi wa mchana, fika saa sita na robo. Simama mlangoni kidogo. Waangalie wanaoingia: kama ni watu wa mtaa uleule, fundi cherehani wa jirani, dereva wa bajaji anayeegesha hapohapo, wahasibu wa jengo la pili, hao wangeweza kula popote na wamechagua hapa jana na juzi. Kisha muulize mhudumu, leo kuna nini? Akikujibu kwamba kila kilichoandikwa ukutani kipo, biriani, mchemsho, kuku wa kienyeji, samaki wa aina tano, mimi huwa natoka. Hakuna jiko dogo linaloweza kupika vyote hivyo leo hii. Akisema "leo kuna changu wa nazi na kisamvu, nyama ni rosti," kaa.

Na wakwe zako wakirudi, usiwapeleke kutafuta mtori wala ndizi nyama. Watu wa Moshi wana vyao nyumbani, vilivyopikwa na watu waliozaliwa navyo. Wape cha pwani. Changu wa kupaka, wali wa nazi, kachumbari, pilipili ya ndimu pembeni. Tena iwe siku ya kazi, maana mjini kati migahawa mingi ya mchana inawategemea watu wa maofisini, na Jumapili utakuta milango imefungwa.

Shangazi, mambo. Nina shilingi elfu thelathini na nina mtu ninayetaka kumtoa jioni. Hapendi makelele, anapenda kuongea. Marafiki wanasema Coco Beach ni pa watoto. Nifanye nini?
*Kijana wa Tandika*

Poa mwanangu. Mpeleke Coco Beach, wala usiwasikilize hao.

Ila usimpeleke Jumapili. Jumamosi na Jumapili ufuko wote ule umejaa watu, spika zinashindana, na utamwongelesha kwa ishara. Nenda Jumanne au Jumatano, mfike saa kumi na moja na nusu. Ukiweza, angalia kalenda uchague siku ya mwezi mpevu. Ufuko ule unatazama mashariki, kwa hiyo jua linapozama nyuma yenu upande wa mjini, mwezi unachomoza mbele yenu baharini, mwekundu, mkubwa. Nimeishi jiji hili maisha yangu yote na bado nikiuona ninanyamaza.

Mahali pa kukaa pana maana kuliko mnachoagiza. Upepo wa jioni pale unatoka baharini, kwa hiyo moshi wa majiko unaelekea barabarani. Chagueni meza ya upande wa maji, majiko yawe nyuma yenu. Ukikaa kinyume chake, nguo yake nzuri itanuka mishikaki mpaka nyumbani, na macho yatamwasha.

Anzeni na mihogo. Mhogo mzuri wa kukaanga unapasuka wenyewe, ndani mweupe kama unga, nje umeshika ganda. Mwambie muuzaji akutolee wa kwenye karai, asikupe ule uliokwisha kupangwa pembeni. Chumvi, chachandu, kachumbari kidogo, ndimu. Mishikaki vilevile: uangalie jiko kwanza. Ile iliyo katikati ya moto inapikwa, ile iliyosogezwa ukingoni ilishaiva zamani inangoja kupashwa. Subirini ya katikati. Wala kusubiri hakuna hasara, si mmekwenda kuongea? Malizeni na madafu. Elfu thelathini itatosha na chenji itarudi.

Akiwa ni mtu wa mjini zaidi, anayependa kuona watu wanapita, siku nyingine mpeleke Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, mle kuku wa kuchoma. Pale si pa utulivu. Meza ziko barabarani, majiko yanawaka, kila mtu anaita mhudumu. Lakini mnaokula mezani mnakuwa kama familia moja na meza ya jirani, na pilipili yake inafungua maongezi.

Shangazi wa wenzangu, mimi ni mstaafu, nina miaka 71, nakaa Kigamboni. Naiona bahari kila nikifungua dirisha. Lakini nikivuka kwenda mjini kula, naletewa sato. Naomba samaki wa bahari, naambiwa hakuna, kuna sangara. Tumefanya nini hata bahari itunyime?
*Mzee wa Kigamboni*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeipenda sana, na nimekwenda soko la samaki la Feri alfajiri mara mbili kwa ajili yako ili nikujibu kwa nilichokiona.

Sato na sangara wanatoka Ziwa Victoria. Kutoka Mwanza mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, wanasafiri kwenye barafu. Sangara mwenyewe hata kule ziwani ni mgeni, alipandikizwa miaka ya 1950. Sasa kwa nini samaki wa mbali hivyo anafika mezani kabla ya changu wa hapo Magogoni? Kwa sababu mwenye mgahawa anataka samaki mmoja, sahani moja, bei moja, Jumatatu mpaka Jumapili. Sato anampa hayo. Anaenea kwenye sahani, kichwa na mkia vinaonekana, mteja anaridhika. Tena siku hizi anafugwa kwenye vizimba, kwa hiyo hana msimu.

Bahari yetu haifuati ratiba ya mtu. Wewe mzee wangu unalijua hili kuliko mimi. Mitumbwi inayovua kwa taa usiku, ile inayoleta dagaa na vibua, inahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, samaki hawaifuati taa ya mvuvi, na wavuvi wengi wanakaa pwani wakishona nyavu. Usiku uleule ninaomtuma kijana wa Tandika akautazame mwezi, Feri asubuhi yake inakuwa nyembamba. Ukija upepo mkali wa kusi wa Juni na Julai, vyombo vidogo havitoki. Mpishi anayetaka kupika samaki wa bahari lazima akubali kubadilisha chakula kila siku, leo tasi, kesho kolekole, keshokutwa awaambie wateja leo hakuna. Wachache wanakubali. Hao ndio ninaowatafuta kila mwezi, na nikimpata mmoja namrudia mpaka anichoke.

Dawa yako ipo karibu mno, hata mgahawa huhitaji. Ukishuka kivukoni upande wa mjini, tembea mpaka Feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nguvu ya mnada ikishapungua, nunua samaki wako mwenyewe. Funua mashavu, yawe mekundu ya damu. Rangi ya kahawia ikatae. Macho yawe yametokeza na yana maji, na ukiubonyeza mwili ushimo usibaki. Kisha mpeleke upande wa wakaangaji, kule kwenye makarai makubwa na moto wa kuni. Watamkwangua, watampaka chumvi na ndimu, watamkaanga ukiwa umesimama. Joto ni kali, sakafu imelowa, vaa viatu vya kufunika. Mimi nilikula nguru, kipande kinene, na ugali wa moto, nimekaa kwenye benchi kati ya mabaharia wawili waliokuwa wamekesha. Saa mbili asubuhi. Hakuna mgahawa wenye kitambaa mezani ulionipa mlo kama ule mwaka huu.

Kwa nini biriani nzuri mjini inapatikana Ijumaa tu?
*Msomaji, Tabata*

Kwa sababu biriani ya Ijumaa inaisha yote. Watu wakitoka kuswali wanakwenda kula pamoja, kuanzia Kariakoo mpaka Kisutu, na mpishi anajua sufuria yake itamalizika ndani ya saa mbili, basi anapika bila woga: nyama nyingi, vitunguu vya kukaanga vingi, maziwa ya mgando, zafarani ikiwepo. Pilau inavumilia kukaa, kwa kuwa mchele na nyama vimeiva pamoja katika supu moja. Biriani ni wali mbali na masala mbali, vinakutana mwishoni, na masala ikilala inakuwa chungu. Fika saa saba na nusu. Saa tisa usiagize.

Shangazi, kuna mgahawa ulioupa sifa kwenye safu hii miezi michache iliyopita, sitautaja. Tulikwenda wanne wa kazini, wawili tukaumwa tumbo siku mbili. Nilikuwa nakuamini.
*Msomaji wa siku nyingi, Ilala*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda pale siku ya Jumanne bila kusema mimi ni nani.

Umesema kweli. Chakula nilichokisifu hakipo tena. Mpishi niliyekula chakula chake ameondoka, yuko mwingine. Maji ya kunawa, ambayo zamani yalikuja ya vuguvugu kwenye jagi pamoja na sabuni, sasa yako kwenye ndoo isiyo na mfuniko mlangoni, ya baridi, na sabuni haipo. Kachumbari ilikuwa imekatwa tangu asubuhi, nyanya zimetoa maji, nzi juu yake. Sikula. Nilimwita mwenye mgahawa pembeni nikamwambia niliyoyaona, akanisikiliza. Sifa zile nilizoandika nazifuta leo, na nawaomba radhi wewe na mwenzako. Kosa langu ni kwamba nilisifu kibao cha mlangoni wakati niliyestahili kumsifu ni mama mmoja aliyekuwa nyuma jikoni, na sikuuliza hata kama ataendelea kuwepo. Tangu sasa, kabla ya kuandika sifa za mahali, nitarudi mara ya pili baada ya wiki kadhaa.

Jiji letu linakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kilianzia hapa mwezi Agosti, kikaenea mikoa mingi. Kwa hiyo mambo haya si ya watu wa kujidai. Wakati wa masika hasa, muulize mhudumu bila haya: kachumbari imekatwa saa ngapi? Barafu ya juisi imetoka wapi? Kama maji ya kunawa yamekutia shaka, kula cha moto kinachotoa mvuke, acha kibichi. Na ukiumwa tena, usiniandikie mimi peke yangu, mwambie na afisa afya wa kata yako. Kwenda kukagua ni kazi yake, na anaweza kufunga mahali, mimi siwezi.

Chipsi mayai, Shangazi. Unasemaje?
*Mwanafunzi, Mwenge*

Nasema ni chakula, na kinastahili heshima. Angalia mafuta: yakiwa meusi kama chai ya mkandaa, pita. Angalia kama viazi vinamenywa hapohapo. Mwombe avunje mayai mbele yako, azipike chipsi mpaka ukingo ushike rangi, asizigeuze mapema. Kwenye saa nne usiku wateja wanakuwa wengi, viazi havikai kabatini, hapo ndipo zinakuwa bora. Saa kumi jioni utapewa chipsi za mchana zilizorudishwa kwenye karai.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nauza nguo. Kila jioni nikishuka daladala Rangi Tatu napita meza ya supu ya pweza. Harufu inanishika. Lakini wanaosimama pale ni wanaume watupu, na maneno wanayosemeana kuhusu pweza nayajua. Naona aibu. Hivi mwanamke anaruhusiwa?
*Mpita njia, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Hakuna mwenye mamlaka ya kukuruhusu, ni chakula cha bahari yako. Pwani nzima, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, wapo wanawake wanaoingia miambani na vijiti maji yakitoka, wakawatoa pweza kwenye mashimo yao. Wanaume waliosimama pale wanakunywa kilichovuliwa, pengine, na mama au dada wa mtu. Maneno yao ya nguvu za kiume waache nayo, wewe unafuata ladha.

Mimi nilianza kunywa nikiwa na umri kama wako, nilipofiwa na mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akinywa, mimi nilimsubiri upande wa pili wa barabara na mfuko wa mboga. Baada ya arobaini nilipita pale jioni moja, nikasimama alipokuwa akisimama. Muuzaji alinitambua. Hakuniuliza kitu, alinipa kikombe.

Nikufundishe namna yake. Saa ya supu ya pweza ni kumi na moja mpaka saa moja jioni. Kabla ya hapo nyama bado ngumu, maana pweza anataka moto wa polepole, muda mrefu, baada ya kupigwapigwa alainike. Baada ya saa mbili usiku sufuria imekwisha kuongezwa maji mara kadhaa na supu imepoteza rangi. Iangalie rangi hiyo: iwe ya zambarau iliyokolea, inayokaribia wekundu. Muombe akukatie mnyiri, sehemu nene karibu na kichwa, vipande vidogo. Chukua kijiti, chomeka, chovya kwenye pilipili. Kinyama kikilainika mdomoni bila kukuvuta meno, huyo muuzaji umempata. Supu inywe ya moto, kamulia ndimu, usiweke chumvi kabla hujaonja, kwa sababu pweza ana chumvi yake ya baharini.

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, pweza wanakuwa wengi na wabichi. Siku za maji mafu mara nyingi utapewa wa kwenye barafu, si wabaya, lakini ladha imepungua.

Mimi huwa nafika hapo Rangi Tatu Jumatano, saa kumi na moja na nusu. Ukimwona mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani ameshika kikombe, njoo usimame upande wangu wa kulia. Bakuli la ndimu linakaa huko.